Bi Kero, Meza Yake na Kopo la Biskuti

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa Idara ya Udobi ya hospitali yetu atavua aproni yake ya buluu kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Kwenye faili lake la utumishi ana jina refu la heshima. Humu ndani, kuanzia getini mpaka chumba cha upasuaji, hakuna anayemwita kwa jina hilo. Anaitwa Bi Kero, na akiitwa vingine hageuki.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Mimi ndiye mshonaji wa idara, yule anayetia viraka mashuka yenu na kurudishia vifungo mlivyong'oa. Pia ni mimi niliyeteuliwa kukalia kiti chake. Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba mwezi mmoja uliopita hatukuwa na hakika kama tutamuaga mtu mmoja au idara nzima. Nitafika huko. Bi Kero amenifundisha kuwa shuka huanza kukunjwa pembeni, kwa hiyo mniwie radhi nianzie pembeni.

Aliingia hapa tarehe mosi Machi akiwa kibarua wa wiki sita, ashike nafasi ya mwenzetu aliyekuwa likizo ya uzazi. Mwenzetu akarudi, mtoto akakua, akasoma, akaoa, na kibarua wa wiki sita bado yupo. Siku yake ya kwanza alipewa toroli la mashuka safi alipeleke wodi ya wazazi. Gurudumu moja lilikuwa linapiga kelele za kukata maini, na alipofika mwisho wa korido alikuwa ameshaamsha watoto wachanga kumi na wanne. Muuguzi wa zamu alimwambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapa. Mwingine angerudi analia. Yeye alirudi anauliza nani ana mpira wa ndani wa baiskeli asioutumia.

Kesho yake magurudumu yote manne yalikuwa yamevishwa mpira na toroli likawa kimya kabisa. Kimya hicho kilidumu siku tatu. Siku ya nne toroli, ambalo sasa hakuna aliyelisikia likija, lilikutana na matroni kwenye kona ya maabara, na matroni akasafiri juu ya mashuka mpaka mlango wa famasi. Hakuumia mahali popote isipokuwa kwenye heshima. Jioni hiyo Bi Kero alifunga kengele ya baiskeli kwenye mpini, na ndiyo hiyo mnayoisikia hadi leo. Ukimuuliza atakuambia kelele hazikuisha, zilifundishwa adabu tu.

Jina lake alilipata mwaka wa pili. Wakati wa chai ya saa nne alikuwa na mtindo wa kumzungukia kila mtu akiuliza, "Leo kero yako nini?" Hakuuliza habari za nyumbani wala za watoto, hizo alizihifadhi kwa ajili ya njiani. Baadaye akaona wengine wanaona haya kusema, akaleta kopo la biskuti, la bati, lenye picha ya paka kwenye kifuniko. Alilitoboa tundu juu na kuliweka kando ya birika. Mtu yeyote hospitalini, daktari au mfagizi, anaruhusiwa kuandika kinachomuudhi na kukitumbukiza humo. Saa nne kamili kopo linafunguliwa na karatasi zinasomwa mbele ya wote. Masharti ni mawili: kutomsema mtu kwa ubaya, na kutocheka kabla msomaji hajamaliza. Sharti la pili limevunjwa kila siku ya Mungu.

Kutoka kwenye kopo hilo ndipo ulipozaliwa ule mtego wa mbao mnaouona mlangoni kwetu, ambao kila shuka chafu hukung'utwa juu yake kabla ya kuingia mashinani. Kero iliyouleta iliandikwa na fundi wa mashine, aliyechoka kutoa kalamu, funguo na vipimajoto kwenye bomba la maji machafu. Wiki ya kwanza mtego ulinasa seti nzima ya meno ya bandia. Bi Kero aliyachemsha, akayafunga kwenye foronya safi na kuyapeleka mwenyewe wodini kwa mzee aliyeyapoteza. Mzee alishukuru, kisha akasema angeomba wayaweke akiba kidogo, maana tangu yapotee anapewa uji mzuri.

Si kila alichobuni kilifaa. Chumba cha pasi kina joto la kumtoa mtu jasho mpaka kwenye kope, na kwa ajili yake Bi Kero alitengeneza kofia yenye feni ndogo mbele. Iliwapuliza wapiga pasi vizuri sana. Iliwapulizia pia vikaratasi vyote vya majina ya wodi mpaka sakafuni, na mashuka ya watoto yakaenda kwa wazee. Kofia ile bado inaning'inia kwenye msumari juu ya saa ya ukutani, kwa amri yake mwenyewe. Kila mfanyakazi mgeni huonyeshwa kofia kwanza, ndipo aonyeshwe mashine. Anasema mgeni akishajua kuwa mkuu wake amewahi kutengeneza kitu cha kijinga kama hicho, hataogopa kukosea.

Mume wake, dereva wetu wa gari la wagonjwa aliyestaafu miaka mitatu iliyopita, anathibitisha kuwa nyumbani mambo ni yale yale. Mlango wa jikoni unajifunga kwa uzito wa chupa ya maji iliyotundikwa kwenye kamba. Miwani yake imefungwa kwenye kifungo cha koti, na koti lina msumari wake wenye namba, ili asiulize liko wapi. Watoto wao wanne walikua wakiamini kila nyumba ina kopo. Shemeji yetu huyu alinieleza, kwa uso wa mtu aliyekwisha kubali yaishe, kwamba siku aliyomposa aliulizwa kwanza kero zake ni zipi. Alitaja tatu, akamwoa mtu aliyezimaliza mbili. Ya tatu, anasema, ndiyo huyo huyo.

Sasa nije kwenye meza.

Shuka la kitanda hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnarudi nyuma, mnakung'uta, mnakutana katikati. Katika mwaka wake wa nane, mwenzake wa kukunja alivunjika mguu, na Bi Kero akabaki peke yake na mashuka mia tatu kwa siku. Alijaribu kwanza kufunga pembe mbili kwenye kitasa cha mlango, mpaka mtu alipoufungua mlango kwa nguvu na shuka likamvuta Bi Kero hadi kwenye korido. Ndipo akaokota mlango wa kabati lililotupwa, bawaba za dirisha na vibanio vya nguo, akajifungia karakana siku mbili, akatoka na kile tunachokiita Meza ya Ubawa. Unatandika shuka, unabana pembe kwenye ubao mwembamba, unavuta mpini, ubao unainuka na kugeuka, na shuka limeshakunjwa. Ukirudia mara tatu, kazi imekwisha. Mtu mmoja, shuka moja, kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Kwa miaka ishirini na mitatu meza hiyo ndiyo iliyopeleka mashuka chumba cha upasuaji saa tatu kamili asubuhi. Zamu ya asubuhi, ile ya mbio, ilikuwa ya Bi Kero mwenyewe. Sisi wengine tuliitumia mchana, polepole, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini kwetu ni polepole. Tulidhani ni umri. Tulidhani hivyo hata tulipokuwa na umri mdogo.

Mwezi uliopita katibu wa hospitali alikuja idarani na daftari lake. Ni mtu wa haki, na alichosema kilikuwa cha haki. Alitembea kutoka toroli hadi mtego hadi meza, akauliza vipuri vya mashine hizi vinaagizwa wapi, na maelekezo yake yameandikwa wapi. Tukamwangalia Bi Kero. Katibu naye akamwangalia Bi Kero, kisha akatugeukia sisi. "Akiondoka huyu mama, hivi vitu nani anavijua?" Mimi mteule nikainama kutafuta kifungo ambacho hakikuwa kimeanguka.

Basi tukapewa wiki ya majaribio, Jumatatu hadi Ijumaa. Bi Kero angekuwepo, lakini asiguse kitu na asitoe ushauri. Mashuka ya upasuaji yafike saa tatu kamili. Yakichelewa siku tatu kati ya tano, ufuaji wote ungepewa kampuni ya nje, na sisi kumi na mmoja unga wetu ungemwagika. Kwenye meza ya asubuhi tuliletewa dada mmoja kutoka jikoni, mwepesi wa mikono, anayeweza kumenya gunia la viazi huku anakusimulia harusi nzima.

Jumatatu tulichelewa dakika arobaini. Dada wa jikoni alikuwa ananyoosha mkono wa kulia kuvuka kifua chake, anaukamata mpini ulio upande wa pili, anavuta, ubao unafika nusu na kurudi, shuka linateleza, anaanza upya. Nilimwambia avute kwa nguvu. Mrefu wetu, yule wa mashine za kufulia, akamwambia avute kwa upole. Tulikuwa tunamfundisha wawili kwa wakati mmoja, na sote hatukujua tunachofundisha. Bi Kero alikuwa kwenye kigoda cha kona, amekalia mikono yake miwili ili isije ikainuka yenyewe. Kila shuka lilipoteleza, mkono mmoja ulimchomoka na ikabidi aurudishe. Ulikuwa ule ule mmoja, wa kushoto.

Jumanne tulichelewa dakika ishirini na tano. Zilikuwa zimebaki siku tatu, na kosa moja tu lingetosha kutumaliza. Nilipofungua kopo saa nne nilikuwa nimekata tamaa, nasema kweli, nilikuwa nafikiria mtu wa umri wangu ataanzia wapi kuomba kazi. Koponi mlikuwa na karatasi moja, kwa mwandiko ule wa kunyooka tunaoujua sote. Nikaisoma kwa sauti: "Meza hii inamtaka mtu wa mkono wa kushoto. Aliyeitengeneza hakuwauliza wenzake."

Hakuna aliyecheka. Sharti la pili lilitimizwa siku hiyo kwa mara ya kwanza katika historia ya idara.

Hapo ndipo mambo yalipojipanga kichwani mwangu. Bi Kero ni mashoto. Hatukuwahi kulijua hilo kwa sababu anaandika kwa mkono wa kulia, na anaandika kwa kulia kwa sababu mwalimu wake wa darasa la kwanza hakukubali vinginevyo. Yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Alipotengeneza meza alikuwa peke yake, na kero yake, na mkono wake, akaweka mpini pale mkono ulipokwenda wenyewe. Nasi tukaja mmoja mmoja, tukakuta meza iko hivyo, tukadhani meza zote za kukunjia duniani ziko hivyo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, jirani yetu wa korido, alitusaidia kumaliza hesabu. Alisema kwa miaka mingi watu wa udobi wanamjia na maumivu ya bega la kulia, wote, na aliwahi kutuuliza kama huwa tunalala upande mmoja.

Bi Kero aliinuka kutoka kwenye kigoda. Wiki nzima alikuwa amekatazwa kutoa ushauri, lakini kuuliza hakukatazwa. Akauliza kwa nini katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyelitia bega lake koponi. Nikamjibu mimi, kwa kuwa ndiye mteule: "Dada, tulikuona unaipenda sana ile meza." Akafunika uso kwa aproni. Tulidhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini ilipoteremka aproni tukakuta kicheko nacho kimo humo humo. "Kumbe kero kubwa kuliko zote nimewaletea mimi!" alisema, akarudi kigodani, akaikalia mikono yake.

Lilizuka suala dogo la kisheria, kama karatasi ile si ushauri. Katibu aliletewa karatasi hiyo. Aliisoma mara mbili, akasema kopo ni la kila mtu hospitalini na Bi Kero bado ni mtu wa hospitali mpaka tarehe 30, na isitoshe karatasi imetaja ubovu tu, haikutaja dawa. Nilimwona akiuma midomo asicheke.

Dawa ikabaki kwetu. Mrefu alishauri tuhamishe mpini upande wa kulia, tumalize. Nusura nikubali. Kisha nikawaza kuwa tutakuwa tumehamisha maumivu kutoka bega hili kwenda bega lile, na akija mashoto mwingine tutakuwa tumemfanyia yale yale. Nilirudi kwenye chumba changu cha kushonea kukuna kichwa. Na nikikuna kichwa huwa natikisa miguu, mazoea ya miaka mingi ya kukanyaga cherehani. Nikaiangalia miguu yangu. Nikakumbuka cherehani yangu ya zamani, ile ya kukanyaga, iliyostaafishwa stoo nilipopewa ya umeme.

Mchana wote wa Jumanne Mrefu na mimi tulikuwa chini ya meza, tumelala chali, tunafunga kanyagio la cherehani kwa mkanda wake wa ngozi mpaka kwenye ubao. Sikuwahi kutengeneza kitu maishani mwangu zaidi ya nguo. Jaribio la kwanza nilikanyaga kwa hasira zote za wiki ile, na shuka likaruka likamfunika Mrefu kuanzia utosini hadi kiunoni. Bi Kero, aliyekatazwa kusema, alijitia ngumi mdomoni na mabega yakawa yanamtikisika. Jaribio la tano ubao uliinuka, ukageuka, ukalala. Dada wa jikoni akaja, akabana pembe, akakanyaga mara tatu, akauliza kama ndiyo hiyo tu.

Ndiyo hiyo tu. Jumatano mashuka yalifika saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Alhamisi kasoro kumi na tano. Ijumaa muuguzi wa upasuaji alituma mtu kuuliza kama tumekosea siku. Saa nne ya Ijumaa hiyo kopo lilikuwa na karatasi ya katibu. Alikuwa ameandika kwamba idara inabaki hapa hapa na watu wake wote, na chini yake akaongeza: "Kero: mlango wa ofisi yangu unafunguka wenyewe kila asubuhi." Bi Kero alinisukumia karatasi hiyo mezani kwa kidole kimoja. Naishughulikia, na nimeshaomba chupa ya maji.

Nimeombwa niorodheshe mafanikio ya Bi Kero. Nyuzi za rangi kwenye pembe za mashuka, zilizomaliza vita vya wodi ya wanaume na wodi ya wanawake, ni zake. Ndoano za kutundikia aproni kwa urefu wa kila mtu ni zake, na ile ya Mrefu inahitaji ngazi kwa sisi wengine. Lakini nikiambiwa nichague moja nitachagua karatasi ya Jumanne. Wengi wetu tukishatengeneza kitu kikasifiwa, tunakilinda mpaka kifo. Yeye alikaa kwenye kigoda siku mbili, akaitazama kazi aliyoipenda kuliko zote kwa macho ya dada wa jikoni, akaishtaki mwenyewe. Sijui kama mimi ningeweza. Nitajaribu, kwa kuwa kopo sasa nimekabidhiwa, na paka wa kwenye kifuniko ananiangalia.

Bi Kero, dada yetu, mkuu wetu: asante kwa watoto wachanga waliolala, kwa mzee wa uji, kwa matroni aliyesafiri, kwa kila asubuhi uliyotuuliza kinachotuudhi na ukakaa kusubiri jibu. Mpini wa zamani tumeung'oa, tukausugua na kuupaka vanishi, nawe utaondoka nao. Nenda ukapumzike na shemeji, na ile kero yake ya tatu tunaomba usiimalize kamwe.

Utapokea pia kadi yetu. Sisi sote kumi na mmoja tumeisaini kwa mkono wa kushoto, na ilituchukua karibu saa nzima. Mrefu amekosea jina lake mwenyewe. Ukiona mistari imepinda na wino umepakazika, usitafute miwani, ni sisi, tunakutakia maisha marefu yenye afya na heri, kwa mkono ule uliotubeba.